Wavu wa Kuopolea kwa Anayetembea na Mto: Kutoka Jinja hadi Murchison

Jumatatu, Jinja

Anayevua ameketi mahali pamoja kutwa nzima hana shida na wavu wa kuopolea, ule wa mpini wa kumtolea majini samaki aliyekwisha kunaswa na ndoano. Aubebe mkubwa apendavyo, auchomeke kando yake, basi. Shida ni yetu sisi tunaotembea na mto: nusu saa juu ya jiwe hili, kisha mwendo mrefu kwa miguu kupitia miwa na mibuni, kisha juu ya boda boda, kisha ukingo mwingine usiofanana hata kidogo na ule tuliotoka. Wavu wa mtu wa namna hiyo lazima ukae mwilini bila kumsumbua, na samaki akija ufunguke kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili umeshika fimbo ya kuvulia na samaki hasubiri.

Wiki hii mimi na shemeji yangu, mwenye boda yake kwenye steji ya Walukuba, tunaifuata Nile ya Viktoria kwenda chini. Tumebeba nyavu tatu. Nataka nikirudi nijue ni upi wa kubaki nao.

Wa kwanza ni wa kukunja. Fremu yake ni ya alumini, ya pembetatu, mpini ni wa mabomba yanayoingiana, na wavu wenyewe ni nailoni yenye mafundo. Aina hii ndiyo rahisi kuipata madukani. Wa pili ni mdogo: fremu ya mbao, mpini wa shubiri moja, wavu wa mpira mtupu, nao huning'inizwa mgongoni kwa sumaku. Umetengenezwa kwa ajili ya wavuvi wa trauti, wale wanaoingia hadi kiunoni kwenye vijito baridi vya Ulaya na Marekani. Niliupata kwenye mitumba ya Owino, Kampala, na fundi aliyeukunja ubao huo alijua kazi yake. Wa tatu nimeuchongesha: fundi wa kuchomelea wa Bugembe alipinda nondo nyembamba ikawa duara, akachomelea nati shingoni, nami nikapachika bolti kwenye mwanzi mkavu. Humo nimefunga wavu usio na mafundo, nyuzi zake zimepakwa mpira.

Kwenye huo mwanzi nimepiga alama mbili za rangi nyeupe, moja kwenye sentimita 28 na nyingine kwenye 50. Ngege (sato) aliye chini ya alama ya kwanza na sangara aliye chini ya pili, sheria ya Uganda inataka warudi majini. Ukiwa na alama mpinini huhitaji kutafuta futi mfukoni huku samaki anahema mkononi.

Jioni nimezilowesha zote tatu kwenye beseni, nikazitundika kwenye kamba ya nguo nione zinavyokauka. Ule wa mpira ulimwaga maji mara moja ukawa mkavu kabla ya chai kuiva. Nailoni yenye mafundo ilikuwa bado inadondosha tulipoenda kulala, na kesho itakuwa kwenye begi moja na mkate wetu.

Jumanne, Budondo

Tumeondoka alfajiri, tumepita Bugembe, tukaingia barabara ya vumbi ya Budondo. Hapa mto uko chini ya bwawa la Bujagali, lile la megawati 250 lililokamilika mwaka 2012 na kuyafunika maporomoko yaliyoipa Bujagali jina. Mgeni asiyejua jambo hili atashangaa: kimo cha maji hapa hakifuati mvua peke yake. Kinafuata mitambo. Nchi ikihitaji umeme zaidi, maji yanafunguliwa, na jiwe ulilokuwa umesimama juu yake kavu asubuhi linaanza kulambwa na wimbi kabla ya adhuhuri. Ukingo uliokuwa mita moja na nusu juu ya maji unakuwa nusu mita, halafu jioni unarudi.

Kwa mvuvi hiyo maana yake ni kwamba urefu wa mpini haupangwi ukiwa nyumbani.

Tulikuwa tunamtafuta kisinja, samaki wa maji yaendayo kasi, mwenye magamba makubwa yanayong'aa kama shaba na midomo minene inayochokonoa chini ya mawe. Ukimnasa kwenye mkondo anakimbia nao na anatumia uzito wa mto wote dhidi yako. Shemeji ndiye aliyempata wa kwanza, karibu na mwamba uliochongoka, na nilikuwa na wavu mdogo wa sumaku mgongoni. Niliuvuta, ukaachia vizuri sana, mkono mmoja, bila kelele. Halafu nikainama ukingoni na nikaona hauwezi kufika. Mpini wa shubiri moja na ukingo wa mita nzima ni vitu viwili visivyoonana.

"Shuka tu, shem," akaniambia. "Maji ni ya magotini."

Sikushuka. Nilikimbilia mwanzi, nikamwopoa kisinja kutoka juu ya mwamba, naye akapimwa, akapigwa picha na kurudishwa. Lakini jambo la kushuka nataka nilieleze kwa urefu, kwa kuwa kwetu hapa ndilo linaloamua wavu kuliko kitu kingine chochote.

Mkondo wenyewe, pale katikati, si mahali pa kichocho. Kichocho kinatoka kwa konokono, na konokono wale wanapenda maji yaliyotulia pembezoni, kwenye majani na matope laini. Vimelea vinatoka ndani ya konokono, vinaogelea, vikigusa ngozi vinapenya. Sasa fikiria, samaki anaopolewa wapi? Hakuna anayemwopoa kwenye mkondo. Unamchosha, unamvuta hadi kwenye kijibwawa kilichotulia kando ya ukingo, na pale ndipo unamtia wavuni. Pale pale konokono wanapoishi. Kila samaki unayemfuata kwa miguu ni mlango unaoufungua. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu, na anayeishi kando ya Nile aende kupimwa na ainywe, lakini ukitibiwa leo na kuingia majini kesho umeanza upya. Mpini mrefu unakuweka kwenye jiwe kavu. Vitabu vya wavuvi wa nchi za baridi haviandiki hivyo kwa sababu wao hawana haja hiyo.

Mchana tulisogea hadi karibu na maporomoko ya Itanda. Njia inapita kwenye vichaka vya miiba, na huko sumaku ilionyesha tabia yake nyingine. Nilikuwa nimeunganisha wavu na begi kwa kamba ya kuvutika. Mwiba ukaushika wavu, sumaku ikaachia, kamba ikavutika nilipokuwa natembea, kisha mwiba ukakatika. Fremu ya mbao ilirudi kwa nguvu ikanigonga kisogoni. Tangu hapo nimefunga kamba ya kawaida isiyovutika, yenye urefu wa mkono uliokunjuka tu. Ikishikwa na mwiba inakuvuta, unasimama, unaichomoa.

Tumelala kwa jamaa ya shemeji, tumekula posho (ugali) na mukene (dagaa).

Jumatano, Kalagala na Kangulumira

Kwenda ng'ambo tulirudi Jinja na kuvuka lile daraja jipya la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, mita 525 kutoka upande hadi upande, kisha tukashuka na ukingo wa magharibi kuelekea Kangulumira. Safari nzima juu ya boda, watu wawili, fimbo mbili, begi moja, nyavu tatu.

Boda ndiyo inayotofautisha wavu wa kubebeka na wavu unaosemekana unabebeka. Wavu wa duara wa fundi wa Bugembe nilikuwa nimeuvaa begani. Kila lori la miwa lilipotupita, upepo uliujaza ukanivuta nyuma. Mwanzi ulichomoza upande mmoja, na pale Njeru ulipita karibu mno na kioo cha taksi iliyosimama. Ule wa sumaku haukuonekana kabisa. Ule wa kukunja ulikaa kati yangu na shemeji, umelala, kimya, hauna habari na mtu. Kwa usafiri peke yake, wavu wa kukunja umeshinda na sioni wa kuupinga.

Ila barabara yenyewe ni murramu nyekundu, na vumbi lake ni laini kama unga. Tulipofika Kalagala nikaukunjua. Kiungo cha kwanza cha mpini kilitoka, cha pili kikakwama katikati. Aina hii hukazwa kwa kuzungusha: ndani kuna plastiki inayotanuka na kubana bomba. Vumbi likiingia, plastiki inateleza haibani, au inabana haiachii. Zipo nyingine zinazokazwa kwa kitufe kinachochomoza kwenye tundu, na nyingine kwa kibano cha nje. Kwa barabara zetu, chagua kitufe au kibano. Kitufe kikijaa uchafu unakipuliza, unakisukuma kwa ncha ya kisu, kazi inaendelea. Ile ya kuzungusha inabidi uifungue yote na kuiosha, na kama huna maji safi karibu unaiosha kwa maji ya mto yenye mchanga, yaani unaongeza tatizo.

Upande huu wa Kalagala mto umegawanyika kati ya visiwa na miamba, na kuna vidimbwi vyenye kina ambamo sangara hulala. Sangara hakuwa wa huku zamani. Maporomoko ya Murchison yalimzuia asipande, mpaka alipoletwa na watu kwenye ziwa Kyoga na Viktoria katika miaka ya 1950. Leo ni mwenyeji kamili. Nilirusha samaki bandia mwenye ndoano mbili za ncha tatu, na baada ya muda nikamshika mmoja mwenye urefu wa kupita ile alama ya 50.

Shemeji alimwopoa vizuri kwa wavu wa kukunja. Aliutia wavu majini kwanza, akautuliza, nami nikamwongoza samaki juu yake kichwa mbele. Yote sawa. Tabu ilianza wavu ulipofika juu. Ndoano moja ilikuwa mdomoni, ile nyingine ikajishona kwenye nailoni. Sangara akajipindua, nyuzi zikajizungusha kwenye miiba ya mgongo na kwenye ule upanga mkali wa shavu lake. Kila alipopiga mkia alizidi kujifunga. Tulikata macho ya wavu kwa kisu, moja baada ya jingine, na magamba yakawa yanabaki kwenye mafundo. Mapezi ya mkia yalipasuka. Yule tulimla, hatukuwa na njia nyingine, na alikuwa halali kwa kipimo. Lakini kama tungetaka arudi mtoni, tungekuwa tunamrudisha akafe.

Mzee mmoja aliyekuwa anaosha mananasi pale chini alikuwa ametutazama muda wote. Kangulumira ni nchi ya mananasi, na wavuvi wengi wa huku ni wakulima pia.

"Kijana wangu," akasema, "wavu huu umeshonwa wa kumshika samaki. Nyinyi samaki mmeshamshika kwa ndoano. Mnamshika mara ya pili wa nini?"

"Sasa tungetumia upi, mzee?"

Akaunyooshea kidole wavu wa Bugembe. Akaupapasa kwa kidole gumba, akasukuma kidole kwenye jicho lake, kikaingia hadi kwenye kucha tu. "Huu. Mkono ukilowa unateleza juu yake. Na magamba yatateleza."

Hapo mzee alimaliza somo ambalo ningehitaji kurasa nyingi kulieleza. Mafundo yanakwangua. Ute ulio juu ya ngozi ya samaki ndio kinga yake. Ukitoka, ukungu na vidonda vinaingia, na samaki anayeogelea kwa nguvu mbele yako anaweza kufa akiwa mbali na macho yako. Macho makubwa ya wavu yanaruhusu mapezi kupenya na kupasuka. Nyuzi nyembamba zinakata. Kwa hiyo macho madogo, bila mafundo, mpira juu yake, na wavu uloweshwe kabla haujamgusa samaki.

Mzee alitukatia nanasi na akakataa pesa. Tulimwachia kipande cha sangara.

Alhamisi, upande wa Kayunga

Tumeshuka kupita Isimba, bwawa jingine, megawati 183, lililofunguliwa mwaka 2019. Kwenye mabwawa hakuna kuvua wala kupiga picha, na sisi hatukusogea. Tulikwenda chini zaidi hadi mwalo mdogo ambako mto umepanuka na kutulia.

Wanajeshi walikuwepo. Mwaka 2017 UPDF, jeshi la Uganda, liliunda kikosi cha kulinda uvuvi, na kila mtu wa majini Uganda anajua kwamba wavu ni kitu cha kuulizwa. Kokoro, nyavu za macho madogo, nyavu za uzi mmoja wa plastiki, vyote vinachomwa moto. Kwa hiyo ukipita mwaloni na wavu umening'inia mgongoni, jitayarishe kujieleza, na jieleze mapema.

"Habari ya kazi, afande."

"Nzuri. Hiyo ni nini?"

"Ni wa kumpokelea samaki wa ndoano, afande. Hautegwi."

Akauchukua ule wa mwanzi, akaupima macho kwa vidole, akageuza geuza. Aliona zile alama mbili nyeupe. "Hizi?"

"Ngege na sangara, afande. Ishirini na nane, hamsini."

Akacheka, akamwita mwenzake aje aone, wakapimia mpini kwenye futi yao wenyewe, na ulikuwa sawa. Akaomba karatasi ya ruhusa, tukampa, akaisoma yote. Halafu akaturudishia na kutuonya juu ya kiboko mwenye mtoto aliyekuwa nyuma ya matete upande wa chini. Tulimshukuru kwa dhati, maana tulikuwa tunaelekea huko huko.

Kwa hiyo tulibaki pale karibu na mwalo, na alasiri nikashika semutundu, samaki wa jamii ya kambare, kwa minyoo. Ana mwiba mgongoni na miwili ubavuni, ile ya ubavuni ina meno ya msumeno. Nilitaka kujua wavu wa mpira mtupu utafanya nini naye, na ukingo hapa ni wa chini, mpini mfupi unafika. Ulifanya vizuri kupita kiasi. Mwiba uliingia kwenye tundu na kutoka bila kunasa, ndoano haikushika popote, samaki alilala humo ametulia. Ubaya wa mpira mtupu ni uzito, na ni mto wenyewe. Tulipoujaribu baadaye kwenye mkondo, mfuko ulichukuliwa na maji, mkono ukapindika. Wavu wa mpira una kamba nene, na kamba nene zinasukumwa. Kwenye mkondo unataka mfuko usio na kina kirefu, chini yake bapa, ili samaki alale sawa na maji yapite.

Kisha tukaelekea Kayunga mjini kulala. Boda inabaki hapa kwa ndugu wa shemeji mpaka tutakaporudi.

Ijumaa, barabarani

Siku ya taksi na basi. Kayunga, Kampala, halafu barabara ya Gulu. Tuliteremka Bombo kwa swala ya Ijumaa, kati ya Wanubi ambao Kiswahili chao kina ladha ya kijeshi na ya kale, tukala hapo, tukapata gari jingine. Utingo alitaka kutulipisha nafasi ya ziada kwa ajili ya mwanzi. Hakutaja nyavu nyingine hata moja.

Nikiwa kwenye kiti nimefikiria suala la kiungo kati ya kichwa cha wavu na mpini, nalo ni dogo lakini linawaumiza wengi. Nyavu nyingi za Kiingereza zina skrubu ya kipimo kimoja, 3/8 BSF (cha Kiingereza, inchi tatu ya nane), na ndiyo maana kichwa cha kampuni moja huingia kwenye mpini wa kampuni nyingine bila ugomvi. Bolti tunazopata kwa mafundi wetu ni M10, za milimita kumi. Ukizitazama ni mamoja. Si mamoja: unene unatofautiana kidogo na nyuzi zinatofautiana zaidi, na ukilazimisha kwa spana unaharibu zote mbili. Anayeagiza kichwa kutoka nje amwonyeshe fundi kile kichwa chenyewe, asimtajie namba.

Kafu, Kigumba, Bweyale. Sokoni Bweyale Kiswahili kinasikika kila meza, kwa kuwa watu wametoka pande zote. Tumelala kwa shangazi.

Jumamosi, Karuma hadi Pakwach

Karuma hatukukaa. Nyani wako barabarani wanangoja ndizi kutoka madirishani, na mto pale umebadilika tangu maji mengi yapelekwe chini ya ardhi kuzungusha mitambo ya megawati 600. Ni hifadhi ya wanyama pia, hauvui kiholela. Tulichukua gari la Pakwach.

Pakwach Nile imeshatoka ziwa Albert, pana, polepole, kingo zake ni chini na zimejaa mafunjo. Mvuvi wa hapa alitupakia kwenye mtumbwi wake. Kwenye mtumbwi mambo yanageuka: mpini mrefu ni adui, unagonga watu na kupinduapindua chombo. Ule mdogo wa mbao ulikuwa mahali pake hasa.

Mpaka alipokuja ngassia. Ni samaki mwembamba wa fedha mwenye meno yanayotokeza nje hata akifunga mdomo, mwepesi wa kukasirika. Alipoingia kwenye wavu wa mpira aliuma, akatikisa kichwa, akatoka upande wa pili kupitia tundu alilojikatia mwenyewe. Mwenye mtumbwi alitoa kicheko kirefu. Mpira mtupu haustahimili meno hayo. Jua letu pia linaukausha: nimeona nyufa ndogo karibu na fremu, pale unapokunjika. Nailoni iliyopakwa mpira ilimpokea ngassia wa pili na ikabaki na mikwaruzo tu, kwa sababu ndani yake kuna uzi wenye nguvu.

Jumapili, Murchison

Tumeingia hifadhini kupitia lango la Tangi, tukiwa na kibali cha kuvua cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na askari wa wanyama pamoja nasi. Bila hivyo viwili, usije na fimbo huku. Shemeji alikuwa amevaa shati la buluu, na mbung'o walimshughulikia yeye kwanza, kama wanavyopenda rangi hiyo.

Kutoka Paraa tulipanda kwa mashua hadi karibu na maporomoko. Nile nzima inapenya kwenye ufa wa mita saba hivi na kuanguka mita 43, na chini yake kuna povu, na ndani ya povu kuna sangara ambao baadhi yao wamepita kilo 100. Mamba wamelala ukingoni wamefungua midomo. Niliuliza kiongozi wetu anatumia wavu gani kwa samaki wa namna hiyo. Hatumii. Anavaa glavu nene, anamshika taya la chini, ambalo halina meno ya kukata bali ukwaruzo tu, anamtegemeza tumbo, na samaki hainuliwi wima hata siku moja kwa sababu uzito wake mwenyewe utamvunja. Kiongozi mwenyewe harudi nyuma wala kwenda mbele ya pale askari anapomwonyesha asimame.

"Wavu ni wa kilo kumi kushuka chini," alisema. "Zaidi ya hapo unajidanganya, mpini utakatika."

Tulishika wawili wadogo, wote tukawaopoa kwa wavu wa Bugembe kutoka juu ya mwamba, mita mbili kutoka majini. Askari alisisitiza hizo mita mbili, na kwa mto ule ningekuwa nimesimama hapo hata bila kuambiwa. Niliinua kwa kukamata ukingo wa fremu mpini ukiwa wima. Anayeinua samaki mzito mpini ukiwa umelala anaupinda, uwe mwanzi au alumini.

Jioni, Pakwach, nimeandika ninachokwenda kumwagiza fundi. Kichwa kiwe na bawaba mbili, kijikunje katikati kulala kando ya mpini, upana wake sentimita 50 ili kitoshe sangara wa kawaida akiwa amepinda kidogo. Wavu wa nailoni iliyopakwa mpira, macho madogo, chini bapa. Mipini miwili kwa kichwa kimoja: mfupi wa mtumbwi, na mrefu wa vipande viwili vya kitufe, mita mbili ukikamilika, wenye alama nyeupe za 28 na 50. Kwapani, si mgongoni, kwenye mfuko wa turubai, na kamba isiyovutika.

Ule wa mbao nitautunza kwa ajili ya ngege wa Masese, pale kwenye kingo za chini, mbali na meno. Mwanzi unabaki kuwa wa akiba. Shemeji ameomba ule wa kukunja, anasema utakaa vizuri chini ya kiti cha boda. Nitampa, ila kwanza tutaung'oa ule wavu wa mafundo na kuutia mwingine, na bomba zake tutaziosha kwa maji ya bomba.